Kinywa Chote cha Mume Wangu

Mimi ni mtu wa kelele, sikatai. Mama yangu husema nilianza kulia kabla mkunga hajanawa mikono. Basi asubuhi ile, pikipiki ilipopita sokoni hapa Kasongo na kipaza sauti kilichofungwa nyuma kwa mpira, ikitangaza kwamba daktari wa meno amefika na ataangalia watu wiki nzima pale hospitali, nilipiga ukelele mpaka wanunuzi wangu wawili wakaachia kitenge walichokuwa wanagombania. Sikumbuki nilitokaje nyuma ya meza. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa barabarani, kiatu kimoja mguuni, nikimfukuza mwenye pikipiki.

"Ni munganga wa kweli ao ni mutu wa koleo tu?" nilimwuliza.

"Wa kweli, mama! Mwanamuke. Ametoka Bukavu na kiti yake."

Na kiti chake! Hapo nikajua mambo ni makubwa. Mtu habebi kiti kutoka Bukavu kwa mzaha, na barabara zetu hizi.

Huku kwetu jino likikuuma unaanza na karafuu, unakwenda kwenye maji ya chumvi, unasingizia kichwa ili watu wasikucheke, na mwisho unamtafuta mtu mwenye koleo. Ukifika kwake unafungua kinywa nusu, unaonyesha kwa kidole: hili. Analing'oa, unatema damu, unakwenda zako. Kidole chako ndicho daktari, mwenye koleo ni mikono tu. Sikuwahi kuona ubaya wowote katika utaratibu huo. Nani analijua jino linalouma kuliko mwenye kinywa?

Niliamini hivyo mpaka mume wangu alipoanza kupungukiwa na meno huku maumivu yake yakibaki palepale.

Mume wangu huchimba dhahabu upande wa Kabambare. Si mtu wa hapa. Alikuja kutoka milimani kule mashariki, kama wengi wanaofuata mashimo, na jamaa zangu, watu wa mjini, watu wa msikiti na maduka tangu enzi za mababu, hawakumtaka hata kidogo. "Mutu wa shimo," mama alisema, "leo iko, kesho haiko." Lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Alikuja mezani kwangu kutafuta kitenge cha kumpelekea mama yake, nikamtajia bei ya kijinga, akacheka, na ndani ya kicheko kile likawaka jino la dhahabu, juu, upande wa kushoto, jirani na chonge. Nilimpenda kwa jino lile. Wengine hupenda kwa tabia. Mimi tabia niliikuta baadaye, na namshukuru Mungu ilikuwa nzuri.

Jino lenyewe lilikuwa zima alipolivika. Dhahabu ya kwanza aliyoipata kwa mkono wake hakuiuza yote. Chembe kidogo alimpelekea sonara, sonara akalikwangua jino kidogo, akalitengenezea kofia. Mimi niliona ni maringo ya ujana na nilimtania kwa hilo kila siku. Nilimwambia asicheke ovyo barabarani, asije akaibiwa mdomo.

Kisha yakaja maumivu. Alikuwa akirudi kutoka Kabambare juu ya pikipiki, matope mpaka kifuani, shavu la kushoto limevimba. Alisema ni gego la nyuma. Huko machimboni kulikuwa na mtu wa koleo, akamwonyesha kwa kidole, gego likatoka. Maumivu yakapumzika kidogo, yakarudi. Akasema basi ni lile la pili, jirani yake. Akasimama njiani kwa mtu mwingine wa koleo, akaonyesha kwa kidole, la pili nalo likatoka. Yakapumzika, yakarudi. Mwanamume aliyekuwa anamaliza mahindi ya kuchoma kabla sijapuliza hindi langu akawa anakula wali upande mmoja, kichwa ameinamisha kama kuku anayekunywa maji. Karanga nilimtwangia. Suruali aliifunga kwa kamba.

Safari hii alikuja na homa, na chini ya taya palikuwa na donge ambalo ukiligusa analia. Hilo donge ndilo lililonitisha. Nilishasikia habari za mchimbaji mmoja kule aliyeumwa jino mpaka shingo ikafunga na pumzi ikakatika. Watu walisema amerogwa, wakamzika, wakarudi kazini. Na mume wangu alikuwa na mpango uleule wa siku zote: aonyeshe gego la tatu, ling'olewe, arudi shimoni.

"Jino gani sasa?" mama alimwuliza nyumbani, kipaza sauti kikiwa bado kinalia mtaa wa pili.

"Ile ya nyuma kabisa, mukwe wangu."

"Na ikirudi tena?" nilidakia mimi. "Utangoa yote ibakie ile ya zahabu peke yake, kama taa ya barabara?"

"Ile haina neno," mama alisema. "Zahabu haiozaka. Inakaa mu udongo miaka na miaka, inatoka vile vile. Itaoza mu kinywa ya mutu?"

Mume wangu, mtu wa kazi hiyo, akatikisa kichwa kwa heshima kama anayesikia hotuba msikitini. "Nimetoaka zahabu mu matope ya kunuka," alisema, "na hakuna siku nimeiona imechafuka. Jino yenye iko ndani ya zahabu iko mu nyumba ya chuma."

Na mimi, ninayejisifu kwa akili, nilikubali. Nani angebisha? Huku kwetu kila mtu ana ndugu aliyegusa dhahabu, na hakuna aliyewahi kuiona ikioza.

Tulikuta baraza la hospitali limejaa kama siku ya Idi. Kiti kilikuwa pale kweli, cha kukunja, chenye mahali pa kulaza kichwa, na watu walikuwa wanakizunguka na kukitazama chini na juu. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye taa kwenye paji la uso na sauti ya kuweza kuuza samaki. Muuguzi mmoja wa hospitali alimsaidia kuchemsha vyombo. Kila mgonjwa alipoondoka alitupa glavu zake na kuvaa nyingine, na hilo peke yake lilitosha kunifurahisha, kwa sababu nilimfahamu mtu wa koleo ambaye hufuta koleo lake kwenye suruali.

Lakini foleni haikusogea! Mtu mmoja alikaa kwenye kiti muda ambao mwenye koleo angemaliza mtaa mzima. Mzee aliyekuwa mbele yetu alipofikiwa, akaonyesha jino lake kwa kidole, na daktari akaanza kumpapasa shingo, mzee aliwaka.

"Nimekuonyesha jino! Shingo unaishikia nini?"

"Papa," daktari alisema bila kuacha kupapasa, "ukiona moshi inatoka ku nyumba, unazima moshi, ao unaingia kutafuta moto?"

Baraza zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nikamnong'oneza mume wangu kwamba huyu mwanamke nimempenda. Naye alikuwa ameshika shavu, hakucheka.

Zamu yetu ikafika. Mume wangu akalala kwenye kiti, akafungua kinywa nusu, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye gego la nyuma. "Hii."

Daktari akakishika kile kidole kwa upole, akakirudisha juu ya tumbo lake. "Weka mukono chini, papa. Leo kidole yako inapumzika."

Akaanza na maswali, na hata chombo kimoja hakukigusa bado. Inauma lini? Ukinywa baridi, ao moto, ao yenyewe tu? Inauma ukitafuna? Uko na sukari mu damu? Tension? Kuna dawa yenye mwili yako inakataa? Unavuta tumbaku? Nilikuwa namjibia, kwa sababu yeye ni mtu wa maneno machache na mimi nayajua yote.

"Mama," daktari alisema, "jino iko mu kinywa ya nani?"

Watu wakacheka tena, safari hii wakanicheka mimi. Sikununa. Nilimwuliza sukari na tension, yaani presha, vinahusu nini kwenye jino, akanieleza huku akinawa: mwenye sukari kidonda chake huchelewa kupona na ufizi wake huumia haraka, mwenye tension au mwenye dawa za damu anaweza kutoka damu isisimame, na kuna mtu ambaye dawa moja ya kawaida humvimbisha koo. Mambo hayo huulizwa kabla, alisema, kwa sababu baadaye mgonjwa hawezi tena kujibu. Nikawaza wale watu wawili wa koleo ambao hawakumwuliza mume wangu hata jina.

Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamtazama uso tu. Upande na upande. Akaweka vidole chini ya taya na shingoni, akipapasa polepole kama mtu anayechagua parachichi, na alipofika kwenye lile donge akasimama, akapapasa tena, akasema ni tezi, askari wa mwili, na askari hawavimbi hivi bila kuwa na vita jirani. Akaweka vidole mbele ya masikio. Fungua. Funga. Peleka taya kushoto. Alikuwa anasikiliza kama kiungo kinalia.

Mimi wakati huo nilishasogea mpaka paji langu likakaribia kugonga taa yake.

"Mama, kwa sababu hautaki kukaa, shika hii." Akanipa kikombe cha barafu aliyoinunua kwenye duka la soda. Niliishika kama nimepewa mtoto mchanga. Sasa nilikuwa mtu wa kazi!

Akapindua mdomo wa juu, akapindua wa chini. Akavuta mashavu akaangalia ndani. Akaushika ulimi kwa kitambaa cha bandeji, akauvuta kulia, akauvuta kushoto, akauinua. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema kuna ulimi mwingine hapa wa kuvutwa hivyo, una maneno mengi. Nadhani alinisema mimi. Daktari alikuwa akieleza kwa sauti, wote wasikie.

"Hapa, pembeni ya ulimi na chini yake, njo kunajificha kidonda mubaya. Haiumi, kwa hiyo mutu haonyeshe. Kidonda yenye imekaa juma mbili bila kupona, hata kama haiumi, uje munganga aione."

Sikuwa najua kwamba ulimi wa mume wangu una chini. Nimeishi naye, nimekula naye, nimegombana naye, na kumbe kulikuwa na pande zake ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzitazama. Moyo ulinidunda kwa raha ya ajabu, kama mtu anayefunguliwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe.

Halafu ufizi. Alikuwa na kijiti chembamba cha chuma chenye alama za kupimia, akawa anakichovya taratibu kuzunguka kila jino, kati ya jino na ufizi. Kikizama kidogo tu, jino limeshikwa vizuri. Kikizama sana, ufizi umeachia, na siku moja jino litacheza ingawa halina tundu. Palipotoka damu alisema ufizi mzima hautoi damu kwa kuguswa tu, na akamwuliza mume wangu anapiga mswaki mara ngapi kule mashimoni. Mume wangu akatazama paa.

Alipofika kwenye mapengo mawili alisimama. "Hizi ziliendaka wapi?"

"Ziliuma," mume wangu alisema.

"Ziliuma, ao ulizionyesha?"

Akayapapasa mapengo kwa ulimi. Mimi kwa mara ya kwanza nilihisi baridi ya kile kikombe mikononi.

Sasa meno yenyewe, moja moja, kuanzia kulia. Aliyakausha kwa pamba kwa sababu mate huficha. Alitazama kwa kioo kidogo. Akachukua kipande cha barafu kwangu, akakifunga kwenye bandeji, akagusisha: unasikia baridi? Inaondoka? Kisha akageuza mpini wa kioo akagonga, ti, ti, polepole. Akaja upande wa kushoto, akalifikia lile gego ambalo kidole kilikuwa kimelihukumu. Barafu: alisikia, ikaondoka mara moja. Kugonga: kimya.

"Hii jino," daktari alisema, "iko muzima kabisa. Ungeniambia niingoe, ningengoa jino ya kukufikisha uzee."

Gego la tatu zima! Nilipiga kelele, nakiri. Kwa hiyo yale mawili? Nilitaka kuuliza, lakini mume wangu alikuwa amefunga kinywa. Daktari alikuwa amesogeza kioo mbele, kuelekea kwenye dhahabu.

"Fungua, papa."

"Hiyo iko ya zahabu."

"Ninaiona."

"Zahabu haiozaka," alisema, na baraza zima, wazee kwa vijana, likaitikia "Eeh!" kama jibu la dua.

"Ni kweli, haiozaka," daktari alisema. "Lakini mie sitafute zahabu. Ninatafuta jino."

Akaweka barafu. Unasikia? Hapana. Akaweka tena, akangoja. Hapana, hakuna kitu. Mume wangu akatabasamu kwa ushindi, watu wakapiga makofi, na mimi, mjinga, nikapiga pia kwa mkono mmoja juu ya kikombe. Daktari peke yake hakucheka. Jino hai hulalamika kidogo likiguswa na barafu, alisema. Linalonyamaza kabisa limekufa. Akageuza mpini, akagonga dhahabu mara moja tu.

Mume wangu aliruka mpaka kichwa kikagonga taa. Machozi yalimtoka, mtu ambaye mwamba ulishamwangukia mguuni akauliza tu saa ngapi. Daktari akainua mdomo wa juu, na hapo, juu ya ufizi wa lile jino zuri, tukaona kipele kidogo kama kichwa cha kiberiti. Akakibonyeza kwa pamba. Yaliyotoka sitayaandika, maana huenda unasoma ukiwa na sahani mbele yako.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe chini ya kofia ile mate na chakula vilikuwa vimepata mlango, jino likaoza gizani ambako hakuna kioo wala mswaki unaofika, na kila siku likawa linamwaga sumu yake mwilini. Kipele kikifunguka, maumivu yanapumzika. Kikifunga, shavu linavimba. Kwa kawaida angepiga picha ya mfupa, daktari alisema, lakini mashine ilibaki Bukavu, kwa hiyo vidole na barafu vimefanya kazi yake.

"Lakini mie niliisikia nyuma," mume wangu alisema. "Nakuapia. Ilikuwa inauma nyuma."

"Ninakusadiki. Maumivu ya jino iko vile, inapiga hodi ku nyumba ya jirani. Njo maana siangaliake kidole ya mutu. Ninaangalia kinywa yote. Na hii, papa, lazima itoke. Ikipanda, itakuua."

Mume wangu akafuta machozi kwa mkono wa shati. "Ngoa ile ya nyuma," alisema.

"Ile ni muzima!"

"Ngoa hiyo tu. Hii, hapana."

Hapo nikawaka. Niliyoyasema siwezi kuyarudisha yote. Nilimwambia maringo yatamwua, kwamba nitamzika na kicheko chake, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba kama anapenda kung'aa nitamnunulia kioo aning'inize shingoni. Barafu ilikuwa inanimwagikia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akamwambia daktari, si mimi, "Hii jino si yangu."

"Ni ya nani?"

Akanyoosha kidole. Kidole kilekile kilichodanganya mara mbili kikanyooka mpaka kikanifikia mimi. "Ni ya ule mama."

Akasema akitazama paa. Mwaka alioanza kazi, shimo lilimfunika mwenzake. Walimtoa, wakampeleka kwa mkewe, na huyo mke alichopewa ni sepetu na shati. "Shimo inakamata pesa, inakamata simu, inakamata nguo," alisema. "Kinywa haikamate. Nikasema, ule yote Mungu atanipa kuwa muke, nitamuwekea yake mu kinywa. Wenzangu kule wanajua. Nimewaambiaka: nikikufa, ngoeni hii jino, mupelekee mama ku Kasongo."

"Na mie mbona haukuniambia?" Sauti yangu ilitoka ndogo, mpaka mimi mwenyewe nikaishangaa.

"Ungekuwa kila siku unaona kifo yangu inacheka."

Alilivaa kabla hajanijua. Akiwa kijana, hana mke, hana nyumba, alijifungia kinywani mali ya mwanamke ambaye hajamwona bado, na mimi nikaja kuipenda nikidhani ni pambo. Meno mawili mazima yalikuwa yametoka, na lile lililooza likabaki. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbusu mbele ya wazee wote wale. Nilikuwa na furaha ya kuniumiza mbavu, na hasira, na hofu, vyote pamoja, na kamasi.

"Basi kama ni yangu, mie njo nitasema," nilisema. "Sitaki kitu yenye iko inangojea ufe. Dokta, toa!"

Mume wangu akanitazama, akafungua kinywa mwenyewe, na daktari akacheka, akachukua sindano ya ganzi. Mume wangu hakuwa amewahi kung'olewa jino kwa ganzi. Alishangaa mpaka akajigusa shavu akiuliza liko wapi. Daktari aliipandisha kofia kwa chombo chembamba, na harufu iliyotoka iliwarudisha nyuma watu wa mstari wa mbele. Ndani jino lilikuwa jeusi kama mbegu ya mchikichi iliyoungua. Likatoka vipande vipande, kwa subira. Akamsafisha, akampa dawa za homa ile na uvimbe ule, akamwonyesha pia tundu dogo la upande wa kulia ambalo halikuwa limeanza kuuma, akaliziba palepale. Akatuambia tusingoje maumivu ndipo tuje, maana maumivu hufika mwisho, mambo yakiwa yameharibika.

Mimi nilishakaa kwenye kiti kabla mume wangu hajamaliza kushuka. Sikuwa naumwa popote! Nilitaka tu kutazamwa hivyo, kinywa chote, ulimi chini na juu. Akakuta tundu moja ambalo sikuwahi kulisikia, nikajisifu kwa wiki nzima kama nimeshinda kitu.

Kofia ya dhahabu aliiosha akaniwekea kiganjani ndani ya bandeji. Ilikuwa nyembamba kama ganda la karanga. Kwa miaka yote ile nilikuwa naona taa, na hiki ndicho kilichokuwa kinawaka. Nikaipeleka kwa sonara bila kungoja shauri la mtu, ikatosha gunia la mchele wa Kasongo na miswaki ya nyumba nzima. Mama alipousikia mkasa wote akaenda mwenyewe kumchagulia mkwe wake mchele usio na mawe. Kidonda kilipopona tukaupika na samaki wa mtoni kutoka Nyangwe. Nilikula urithi wangu mwenye kuniachia akiwa hai, tena alijipakulia mara ya pili.

Lile donge la chini ya taya liliisha. Mashavu yakarudi, kamba ya suruali nikaitupa mimi mwenyewe.

Siku ya kurudi Kabambare wenzake wawili walimpitia nyumbani na pikipiki zao. Aliwacheka kwa kuchelewa, akafungua kinywa, nao wakaona pengo. Wakatazamana. Mmoja wao alinitazama mimi kwa haya, kisha akamwuliza polepole, kama mtu anayeulizia msiba.

"Jino ya mama iko wapi? Sasa ukikufa mu shimo, tutamuletea nini?"

Mume wangu alikuwa anafunga mzigo wake nyuma ya kiti cha pikipiki. Hakugeuka.

"Sitakufa," alisema. "Muke wangu amekataza."